Mrejesho: Debian imewaka, kosa lilikuwa kwenye crypttab

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini laptop yangu, baada ya kuweka Debian 12 (mfumo endeshi wa Linux) na kugawa patisheni, yaani sehemu za diski, kwa mkono, haikuniomba neno la siri la LUKS, usimbaji unaofunga diski. Ilikuwa inasubiri weee, kisha inanitupa kwenye initramfs, ule mfumo mdogo wa muda unaotangulia Debian yenyewe kuwaka.

Aliyesema nikague UUID, namba ya utambulisho ya kila patisheni au mfumo wa mafaili, alipatia. Kwenye /etc/crypttab, faili linaloiambia mashine ifungue patisheni ipi, nilikuwa nimeweka UUID ya ext4 (mfumo wa mafaili) iliyo ndani, badala ya ile ya patisheni yenyewe iliyosimbwa. Sasa mashine ingeionaje ext4 ambayo bado imefungiwa? Ilikuwa inatafuta ufunguo ndani ya chumba kilichofungwa.

Nikawasha kwa flashi, nikaandika blkid, amri inayoorodhesha UUID, nikachukua UUID ya mstari wenye crypto_LUKS. Nikafungua kwa cryptsetup open, nikitumia jina lilelile lililo kwenye crypttab, nikaunganisha (mount) mfumo wa mafaili, nikaingia kwa chroot, yaani kufanya kazi ndani ya Debian ya kwenye diski nikiwa bado kwenye flashi. Mara ya kwanza update-initramfs, amri ya kuitengeneza upya initramfs, iligoma, eti initrd (faili la hiyo initramfs) haipo. Kumbe nilisahau kuunganisha /boot, patisheni ya mafaili ya kuwashia, ambayo kwangu iko nje ya usimbaji. Hapo nilipoteza karibu saa nzima, na chai ikapoa. Nilipoiunganisha, update-initramfs -u -k all ikapita.

Nikazima, nikawasha: neno la siri likaulizwa, nikaingia.

Yule aliyenisisitizia nakala ya kichwa cha LUKS (header, sehemu ya mwanzo yenye taarifa za kufungulia), nimeichukua pia kwa luksHeaderBackup. Ni faili la MiB 16 tu, liko kwenye flashi nyingine kabatini.