Naomba ushauri: kaunta ya namba za vijiti kwenye programu ya kompyuta (C#, WinForms)

Mwanamkonge
Wakuu, habari za jioni. Nipo Tanga, kwenye ghala la mkonge upande wa Pongwe. Nimepewa kazi ya kutengeneza programu ya kuhesabu marobota yanayotoka kwenye presi kuingia ghalani. Sensa ya mwanga imeshafungwa, kila robota likipita inatuma alama kupitia poti ya COM (tundu la waya wa data), na kompyuta inaipokea.

Kinachonisumbua ni skrini. Msimamizi anataka namba kubwa za vijiti, zile za kwenye mizani ya magari, azisome akiwa mlangoni. Kwa sasa nimepanga PictureBox sita, kila moja inabadilishiwa picha ya namba kutoka kwenye faili. Zinapepesa, na ikifika mchana programu inakuwa nzito mno. Halafu lipo ghala la pili, nalo linataka kaunta yake kwenye fomu hiyohiyo, na sipendi kunakili kodi ileile mara mbili.

Nataka kontroli (kitu cha kuweka kwenye fomu) yangu mwenyewe, niikokote kutoka kwenye tulboksi kama ninavyokokota Button. Nianzie wapi? Natanguliza shukrani.

FundiWaNgamiani
Mkuu, kazi ndogo hiyo. Tafuta fonti ya namba za saa, weka Label, ikuze, nyekundu juu ya nyeusi. Fonti usiisakinishe kwenye kila mashine, ipakie ndani ya programu kwa PrivateFontCollection. Ila kwenye Label weka UseCompatibleTextRendering iwe true, bila hivyo utaona maandishi ya kawaida tu ushangae.

WajaLeo
Zipo kontroli za ActiveX, zilizotengenezwa tayari tangu enzi za VB6 (Visual Basic ya zamani), kaunta kamili yenye rangi na kila kitu. Unaisajili kwa regsvr32, unaiweka kwenye fomu, basi. Mimi nimezitumia kwenye mizani na zinafanya kazi hadi leo.

BintiSahare
WajaLeo, kaka, kwa programu ya zamani sawa, lakini kwa mpya simshauri. Faili hizo za ActiveX (OCX) karibu zote ni za biti 32, na programu ya biti 64 haiwezi kuzipakia. Itabidi ajifungie kwenye x86 (biti 32), na kila kompyuta ikibadilishwa kuna kusajili upya. Fonti ya Fundi inafaa kama haraka ni kubwa. Ila Mwanamkonge ana kaunta mbili na msimamizi anayesomea mbali, achore mwenyewe.

Mwanamkonge, uzito huo wa mchana nadhani ni picha. Image.FromFile inashikilia faili na kumbukumbu mpaka picha ile uiite Dispose. Ukibadilisha kutwa nzima bila kuzifunga, zinarundikana. Ukichora, tatizo hilo linaondoka lenyewe.

Usitumie UserControl, hiyo ni ya kukusanya kontroli nyingine pamoja. Tengeneza klasi inayorithi Control moja kwa moja. Kwenye konstrakta isiyo na parameta (dizaina inaihitaji) weka DoubleBuffered = true na ResizeRedraw = true. Kupepesa kutaisha hapo. Kisha andika OnPaint yako, ndiyo inayochora.

Kila namba ni vijiti saba. Vipe herufi: a ni cha juu, b na c vya kulia, d cha chini, e na f vya kushoto, g cha katikati. Kila kijiti ni biti moja, kuanzia a yenye thamani 1 hadi g yenye 64. Namba 4 inawasha b, c, f na g, yaani 2 + 4 + 32 + 64, jumla 102, ambayo ni 0x66. Ramani nzima ni mstari mmoja:

`byte[] ramani = { 0x3F, 0x06, 0x5B, 0x4F, 0x66, 0x6D, 0x7D, 0x07, 0x7F, 0x6F };`

Kijiti chenyewe kichore kwa FillPolygon, pembe sita, ncha zimechongwa, na uache upenyo mdogo kati ya kijiti na kijiti. Unene ukokotoe kutokana na Height, usiandike pikseli za kudumu, ndipo msimamizi akitaka kubwa zaidi unavuta kona tu. Chora vijiti vyote saba kila mara: vilivyowaka kwa ForeColor, vilivyozimwa kwa rangi iliyofifia sana. Lakini kama jua la alasiri linaingia ghalani, vilivyozimwa vifanye vyeusi kabisa, maana kwa mbali 3 inaweza kusomeka 8.

Namba ya kuonyeshwa iwe propati, iite Thamani, yenye kazi moja: kama namba ni ileile irudi, kama imebadilika iite Invalidate() ili ichorwe upya. Na namba ikizidi nafasi zilizopo, onyesha vistari (0x40) kote. Usikate tarakimu. Kaunta ya nafasi tatu ikionyesha 000 baada ya 999, mtu ataandika sifuri kwenye daftari.

Nasisitiza hapa: kontroli ionyeshe tu, isihesabu. Hesabu ikae kwenye klasi yake na iandikwe SQLite (hifadhidata ndogo ya faili moja) kila robota linapoingia. Umeme ukikatika saa nane mchana, ukirudi namba iwe palepale.

Ukishafanya Build, itajitokeza juu kwenye tulboksi. Ungekuwa kwenye Qt (maktaba nyingine ya kutengeneza fomu) ungeikuta tayari, inaitwa QLCDNumber.

Mwanamkonge
Dada, Mungu akubariki. Nimeichora na haipepesi hata kidogo, ghala la pili nimekokota ya pili na imekubali. Yamebaki mawili. Alama ikiingia kutoka poti ya COM, programu inatupa kosa la InvalidOperationException pale ninapobadilisha vitu vya kwenye fomu. La pili, kuna marobota yanahesabiwa mara mbili, hata tatu.

BintiSahare
La kwanza: DataReceived ya SerialPort inaendeshwa na thredi (mkondo wa kazi) nyingine, na kontroli haikubali kuguswa isipokuwa na thredi iliyoiunda. Pitisha kwa BeginInvoke:

`BeginInvoke(new Action(() => kaunta1.Thamani = jumla));`

Usitumie Invoke hapo, maana yenyewe inasubiri jibu. Siku fomu inafungwa huku poti inafungwa, zitasubiriana na programu itaganda.

WajaLeo
La pili niachieni mimi, hayo ni mambo ya ghala. Robota lina singa zinazoning'inia pembeni, kila singa ikikata mwanga sensa inaona kitu kipya. Usihesabu kila kukatika. Hesabu mara moja mwanga unapokatika, kisha usikubali nyingine mpaka mwanga uwe wazi mfululizo, tuseme nusu sekunde. Muda halisi uupime kwa kasi ya mkanda wenu, marobota mawili yakifuatana kwa karibu usiyaunganishe. Na fanya hivyo kwenye klasi ya hesabu kama dada alivyosema. Robota moja ni kilo 250, ukihesabu manne ya hewa umeandika tani ambayo haipo ghalani, na atakayeulizwa ni mtunza ghala.

FundiWaNgamiani
Nakubali, kwa kazi hii kuchora ni bora kuliko fonti. Nyongeza: kitufe cha kurudisha sifuri kisikae wazi kwenye skrini. Zamu ikibadilika, hesabu ya zamu ianze upya lakini jumla ya siku ibaki kwenye SQLite pamoja na saa.

Mwanamkonge
Nimeelewa wakuu. BeginInvoke imekubali. Kesho presi ikianza nitapima nusu sekunde kwa mkanda wetu, nikisimama na mtunza ghala tukihesabu kwa macho, halafu nitaweka kodi nzima ya kontroli hapahapa ili mwenye shida kama yangu aichukue.