Dola 15 kwa kitanda cha dabo deka Mji Mkongwe, halafu kunguni wakasema nimekuja nao mimi

Wakuu, habari zenu. Mwenzenu bado najikuna. Nimetoka Unguja, nilikolala kwenye moja ya hizi hosteli za watalii wa mabegi mgongoni pale Mji Mkongwe. Jina naliweka kapuni kwa sasa kwa kuwa hela yangu bado wanayo, ila madudu niliyoyakuta nayaanika.

Tuanze na bei. Mtandaoni kitanda kwenye chumba cha watu wanane ni dola 15. Kitanda, sijasema chumba. Nafika mapokezi na shilingi zangu, kijana ananiambia, "Dada, sisi bei zetu za dola, ukilipa shilingi inabidi nipige hesabu." Hesabu yenyewe akaipiga kwa kima alichokitoa kichwani, cha juu kuliko maduka yote ya kubadilisha fedha niliyopita njiani. Nikamuuliza kama ana habari kuwa tangu Machi 2025 kuna kanuni zinazokataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni humu nchini na kukataa shilingi. Akacheka, eti hayo ya Bara. Kaka, hiyo noti uliyoipokea imeandikwa Benki Kuu ya Tanzania, na benki hiyo ina tawi hapo hapo Unguja!

Taulo unalipia. Kufuli unalipia. Ufunguo unaachia amana. Kufuli nikanunua, kwenda kwenye kabati la chini ya kitanda nakuta pale pa kulipitisha pameng'oka. Begi nikalifanya mto.

Halafu mimi nilishika nafasi chumba cha wanawake. Nikaambiwa kimejaa, nikapelekwa chumba cha mchanganyiko. "Wageni wote hapa wanachanganyika, hakuna shida." Shida kwako haipo, wewe unaenda kulala kwenu. Na mlangoni pao wamebandika tangazo la kuwaomba watalii wafunike mabega na magoti wakitembea mitaani kwa kuheshimu mila za wenyeji. Heshima ya mtaani wanayo, ya chumbani hawana.

Sasa kunguni. Usiku wa manane nimeamka shingo inawaka moto. Nawasha tochi ya simu, nainua shuka: kwenye mshono wa godoro vidoa vyeusi vimefuatana kama mtu kagusagusa na kalamu ya wino. Kwenye ufa wa ubao wa kitanda kuna maganda yao, mengine madogo mengine makubwa, na wenyewe wanene wanatembea taratibu bila wasiwasi. Hata kwenye mikunjo ya chandarua walikuwemo. Nikapiga video, nikashuka nayo mapokezi.

Kijana anaitazama, ananitazama. "Dada, hawa umekuja nao kwenye begi. Si umepanda basi kisha boti?"

Wakuu, nilitamani kulia. Dada wa Kijerumani aliyelala kitanda cha juu yangu alishuka nyuma yangu na malalamiko hayo hayo, mikono imemvimba. Yeye akaombwa radhi, akahamishiwa chumba kingine na kubebewa begi. Kitanda ni kile kile, fremu moja! Mzungu kaumwa na kunguni wa hosteli, Mswahili kaja na wa kwao.

Na hiyo hoja ni ya uongo. Kunguni mchanga hujivua ganda mara 5 mpaka awe mkubwa, na kila anapotaka kujivua lazima anywe damu kwanza. Hiyo ni kazi ya wiki kadhaa. Maganda ya kila saizi kwenye ubao wa kitanda chako maana yake wamekulia hapo, kwa damu ya wateja wako. Mimi niliingia jioni.

Dawa waliyotoa sasa. Kijana kaja na kopo la dawa ya mbu, kapuliza juu ya godoro pyuu pyuu, eti subiri kidogo kisha upande ulale. Hizo za kopo kunguni wengi wameshazizoea, na wasiokufa wanahamia chumba cha pili. Kunguni anatolewa kwa joto: shuka na chandarua zifuliwe kwa maji ya moto hasa, kitanda kifunguliwe ubao kwa ubao, nyufa zipigwe mvuke. Hiyo ni kazi, na kitanda kinalala bila mteja. Ndiyo maana hawataki.

Hela ndiyo danadana. Hosteli inasema dai kwa mtandao ulioshikia nafasi, mtandao unasema malizana na hosteli. Meneja meseji anasoma, tiki mbili za bluu, kimya.

Najua kuna watakaokuja na "bei rahisi unategemea nini". Bei rahisi nategemea kuchangia choo, kukosa kiyoyozi na kuvumilia mtu anayekoroma. Kunguni hawamo kwenye hilo punguzo. Na rahisi iko wapi? Kwa hela hiyo gesti nyingi za Moshi au Mbeya unapata chumba chako peke yako na maji ya moto. Kitabu cha wageni kitakuuliza mpaka kabila, sawa, lakini mlango unaufunga mwenyewe.

Wenyeji wa Unguja, nisaidieni mawili. Wadogo zangu wanakuja Februari kwa ajili ya tamasha la muziki la Sauti za Busara: gesti ipi safi Kikwajuni, Michenzani au popote pale Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, ya chumba cha kufunga, inayopokea shilingi bila kupigiana hesabu? Tajeni na bei. La pili, aliyewahi kudai hela akarudishiwa aseme alipitia wapi. Kamisheni ya Utalii wanapokea malalamiko ya Mtanzania, au na huko nitaulizwa nimekuja na boti gani?