Mrejesho: mwigizaji mgeni aliyekimbia Sudan

Assalaam aleykum. Niliuliza vipi nimsaidie mpangaji mwenzangu hapa Ng'ambo, Zanzibar, mwigizaji aliyekimbia vita Khartoum 2023, arudi kwenye kazi yake. Ahsanteni sana kwa majibu yenu.

Mfano wa Zar Amir Ebrahimi, mwigizaji wa Kiirani, ndio uliomfaa khaswa: alitoka Iran 2008, akajifunza Kifaransa, akafanya kazi ya kutafuta na kuchagua waigizaji wa filamu, hata 2022 akapata tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Basi mpangaji mwenzangu naye kaanza na lugha, anasoma Kiswahili SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Mchezo wa redio kapata, sehemu ndogo ya bibi wa Kiarabu. Tamthilia ya televisheni kakosa. Lafdhi yake ya Kiswahili bado, na siku ile alilia sana. Kujirikodi kwa simu hakukufaa, kelele za mtaani. Jumamosi anaanza kuwafundisha watoto wa skuli kuigiza.