Brauza huria kwenye Windows na iPhone: inatuficha kiasi gani?

Mama Mapacha, Leicester:

Wapendwa, salaam nyingi. Nimeangalia nauli za Dar za mwezi wa saba, na tangu hapo matangazo ya tiketi yananiandama mpaka kwenye habari za mpira. Kijana wangu kaniwekea brauza ya Firefox kwenye laptopu ya Windows, anasema sasa niko salama. Ndugu mmoja wa kanisani kaniambia nisijidanganye, Windows yenyewe ndiyo inayochungulia. Nimsikilize nani? Halafu ninayo laptopu nyingine ya kazini (nahudumia wazee majumbani), nayo niweke? Baba watoto anatumia iPhone.

Fundi, Hamburg:

Shikamoo mama. Wote wawili wana haki. Kijana anazungumzia tovuti, yule ndugu anazungumzia mashine. Inategemea unajificha na nani.

Wanaokuandama na tiketi ni kampuni za matangazo. Ukurasa wa nauli umebeba vipande vya programu vya kampuni hizo, na ukurasa wa mpira nao umebeba vya kampuni zile zile, kwa hiyo kidakuzi (kijifaili cha alama ambacho tovuti huacha kwenye brauza yako) ulichoachiwa kule kinakutambulisha huku. Hapo Firefox inasaidia kwelikweli. Tangu Juni 2022 imekuwa ikitenga vidakuzi vya kila tovuti peke yake, hivyo alama uliyowekewa kwenye nauli haisomeki ukiwa kwenye mpira. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya faragha na usalama, uchague ulinzi mkali badala ya ule wa kawaida. Ukiwa humo humo tafuta panapohusu ukusanyaji wa data uondoe tiki zote, kwa sababu Firefox nayo hupeleka taarifa za matumizi kwa Mozilla, wanaoitengeneza. Kisha pakua uBlock Origin, programu-jalizi ya kuzuia matangazo. Chrome imeshaitupa nje ile kamili, Firefox bado inaipokea.

Na kwa nini tunang'ang'ania huria? Msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, uko wazi, na leseni inamruhusu yeyote auchukue aurekebishe. Februari 2025 Mozilla waliondoa kwenye tovuti yao ile ahadi ya kutouza kamwe data za watu, kelele zikawa nyingi, lakini waliokasirika walikuwa na pa kwenda: ipo LibreWolf, ambayo ni Firefox ile ile iliyoondolewa mambo ya kuripoti, na uBlock Origin imo tayari. Chrome ya Google na Edge ya Microsoft zimejengwa juu ya brauza ya msingi iitwayo Chromium, ambayo ni huria, ila zenyewe si huria. Mimi siziamini, na najua wapo humu watakaobisha.

Sasa twende kwa yule ndugu wa kanisani. Brauza yoyote inakaa juu ya Windows, na kila unachoandika au kuona kinapita hapo. Windows ya nyumbani haikuruhusu kuzima zote zile taarifa za uchunguzi, yaani za hali ya kompyuta yako, zinazopelekwa Microsoft. Unazima zile za hiari tu, basi zizime. Kompyuta mpya za aina ya Copilot+ zina kitu kinaitwa Recall, kinapiga picha skrini yako mara kwa mara ili baadaye uweze kutafuta ulichokiona. Kilipotangazwa 2024 watu walilalamika sana, kikafanywa kisiwake mpaka mwenye kompyuta akubali. Usikubali. Ukikiwasha, kurasa za Firefox nazo zinapigwa picha, isipokuwa zilizo kwenye dirisha la faragha.

Mjomba, Minneapolis:

Mnazunguka tu. Ondoeni Windows, wekeni mfumo huria wa Linux, yaishe.

Fundi, Hamburg:

Mjomba, mapacha wana programu za shule kwenye hiyo Windows. Ila kama laptopu ya mtu haikubali Windows 11, hapo nakuunga mkono, maana Windows 10 iliacha kuhudumiwa kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Dada wa kompyuta, Toronto:

Mama shikamoo. Hiyo ya kazini niachie mimi, ndiyo kazi inayonilisha. Usipakue chochote bila ruhusa yao. Na hata kama Firefox imo tayari, bonyeza kufuli kando ya anwani uone cheti, yaani kitambulisho cha tovuti, kimetolewa na nani. Ikikuandikia kwamba mtoaji hatambuliwi na Mozilla, kuna mtu anafungua mawasiliano yako njiani. Mara nyingi ni mwajiri, pengine ni programu ya kuzuia virusi. Dirisha la faragha halikusaidii hapo, linafuta historia kwenye mashine tu. Benki, barua za mwanasheria, mambo ya viza, yote yafanyie kwenye kifaa chako mwenyewe.

iPhone ya baba: brauza zote huko zinaendeshwa na injini (sehemu inayofungua kurasa) ya Apple, WebKit, hata zikiitwa Firefox. Umoja wa Ulaya uliwalazimisha Apple waruhusu injini nyingine kuanzia iOS 17.4, Machi 2024, lakini Uingereza haimo. Kwa hiyo asitegemee kupata kwenye simu ile Firefox uliyo nayo kwenye laptopu. Mwenye Android ana nafuu, Firefox ya huko inakubali uBlock Origin.

Na jamani, Tor Browser, ile inayozungusha mawasiliano yako nchi mbalimbali ili kukuficha, ni nzuri kwa kusoma, lakini msitume pesa nyumbani kupitia humo. Benki inaona umetokea nchi usiyokaa, akaunti inafungwa, mnaanza kunipigia saa nane usiku.

Mama Mapacha, Leicester:

Marahaba wanangu. Nimeweka ulinzi mkali, matangazo yamepungua. Lakini tovuti ninayotumia kutuma pesa sasa imegoma, kitufe cha kulipa hakibonyezeki.

Dada wa kompyuta, Toronto:

Bonyeza alama ya ngao kushoto mwa anwani, zima ulinzi kwa tovuti hiyo moja tu, ukurasa utajifungua upya. Ikigoma tena, fanya vivyo hivyo kwenye uBlock Origin: kile kitufe kikubwa cha kuzima. Kwingine kote unaendelea kulindwa.