Pauni 200 kwa brashi ya kunyolea ya manyoya ya baja, na muuzaji hataki kusema manyoya yametoka wapi

Waungwana, heshima kwenu nyote.

Nafungua uzi huu nikiwa nimekasirika, na nitajitahidi kueleza sababu kwa utaratibu ili anayetaka kunipinga apate pa kushika. Kwa muda sasa nimekuwa nikifikiria kununua brashi ya kunyolea ya kifahari, zile zenye mpini mzito wa resini inayofanana na pembe ya ndovu na fundo nene la manyoya ya baja, na kila nilipouliza swali la msingi kuhusu kile ninachotakiwa kukilipia nimepewa maneno matamu badala ya jibu. Naishi Uingereza, ambako brashi hizi zina historia ndefu, na kwa kuwa ndugu wa nyumbani hutuomba sisi tulioko huku tuwanunulie vitu vya aina hii, naona ni haki wajue mapema jinsi biashara yenyewe inavyoendeshwa.

Kwa wasiomfahamu, baja ni mnyama mchimbaji wa Ulaya na Asia, wa familia moja na nyegere wetu, mwenye unywele wa aina ya pekee: karibu na ngozi ni mweupe, katikati una mkanda mweusi, na kuelekea nchani unarudi kuwa mweupe huku ukichongoka hadi kuwa mwembamba mno. Unywele huo hushika maji mengi, kwa hiyo brashi iliyolowekwa vizuri huichukua sabuni ngumu ya kunyolea na kuigeuza povu zito ambalo si rahisi kulipata kwa mkono mtupu, na povu hilo huziinua ndevu na kuzilainisha kabla wembe haujapita. Sibishani na hayo hata kidogo, ndiyo yaliyonivuta. Nimeishika brashi ya mzee mmoja ninayemheshimu, ambayo ameitumia kwa miaka mingi, na ulaini wake shavuni nauamini. Wala sina ugomvi na mafundi. Kampuni ya Kent ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1777, Plisson ya Ufaransa mwaka 1808, Simpsons ya London mwaka 1919, na kazi ya mikono inayofanyika katika nyumba za namna hiyo inastahili kulipiwa. Ninachokikataa ni kuombwa zaidi ya pauni 200 kwa kitu ambacho mnunuzi hana njia yoyote ya kukihakiki kabla hajalipa.

Tazameni madaraja. Ukisoma maelezo ya bidhaa utakutana na maneno “pure” (halisi), “best” (bora kuliko vyote), “super” na “silvertip” (ncha ya fedha), kuanzia la chini kwenda la juu, na mtu yeyote mwenye akili timamu atadhani kuna mamlaka mahali fulani iliyopima manyoya na kuyapanga. Hakuna. Hakuna sheria wala kiwango cha kimataifa kinachoeleza unywele uwe na sifa gani ndipo uitwe hivi au vile. Kila mtengenezaji hujipangia mwenyewe, ndiyo maana daraja la pili la huyu laweza kuwa laini kuliko daraja la kwanza la yule, ilhali bei zinapanda kwa kufuata jina. Tena ngazi yenyewe imepangwa kwa namna ya kumchanganya mgeni: kile kinachotangazwa kuwa manyoya halisi ndicho cha chini kuliko vyote, na kile kinachotangazwa kuwa bora kuliko vyote kwa kawaida kina vingine viwili juu yake. Mtu anatoa pesa zake akiamini amefika kileleni, kumbe ameuziwa cha pili kutoka chini.

Vipimo navyo vinatolewa nusunusu. Utaandikiwa kipenyo cha fundo, tuseme milimita 24 au 26, na urefu wa manyoya yanayotokeza nje ya mpini, labda milimita 50. Lakini idadi ya nywele zilizoshindiliwa ndani ya kipenyo hicho, ambayo ndiyo inayoamua kama brashi itasimama imara usoni au italala kama imechoka, haiandikwi. Haiandikwi pia kama ncha ni za asili au zimekatwa, na hili kwangu ni kubwa kuliko yote. Fundo la kazi ya kweli hupangwa kwa mkono ndani ya kikombe chenye umbo, ncha zikiwa zimeelekea chini, ili lile kuba la juu lipatikane bila mkasi kugusa hata unywele mmoja. Brashi ya bei ya chini hukatwa tu kwa mashine mpaka kuba lionekane, na ncha zilizokatwa huchoma ngozi. Kwa macho, dukani, brashi mbili hizo zikiwa kavu ndani ya sanduku la kioo, nani atazitofautisha?

Nilikwenda kwenye duka moja, ambalo sitalitaja, nikaomba niruhusiwe kulilowesha fundo la brashi ya maonyesho kwa maji ya uvuguvugu na kulipitisha mgongoni mwa kiganja. Nilikataliwa. Niliambiwa kwamba brashi ikishalowa haiuziki, na kwamba nikiinunua nikailowesha nyumbani haitarudishwa, kwa sababu za usafi. Fikirini maana yake: sifa za brashi hii huonekana ikiwa imelowa tu, kabla ya kulowa huwezi kuijua, na ikishalowa ni yako. Hata muuza samaki wa ferini humwacha mteja afunue mashavu aone wekundu wake kabla ya kulipa, naye anauza kitu cha mlo mmoja.

Sasa nieleze kilichonifanya nitoke kwenye manung’uniko na kufika kwenye hasira. Mjomba wangu, mzaliwa wa Mombasa ambaye naye anaishi huku, aliuziwa na muuzaji mwingine brashi iliyotangazwa kuwa ya manyoya ya baja ya daraja la juu. Ilikuwa ikimkwaruza. Kila alipolalamika alijibiwa awe na subira, brashi mpya lazima izoeleke. Aliponiletea niitazame, nilichukua nywele chache zilizokuwa zimelegea nikaziweka juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha. Zilikuwa nene na ngumu kuanzia shinani, nchani zimepasuka vijitawi viwili vitatu, na ule mkanda mweusi ulikuwa umeanza na kuishia mahali palepale katika kila unywele, bila tofauti. Unywele wa baja haupasuki namna hiyo, huchongoka. Nilipolitia fundo kwenye beseni jeupe na kulibonyeza, maji yaligeuka ya kijivu. Yale yalikuwa manyoya ya nguruwe yaliyopakwa rangi.

Wasomaji wa pwani wameshaelewa uzito wa jambo hili. Mjomba ni mtu wa swala tano, na katika madhehebu ya Shafi’i ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, nguruwe ni najisi nzito, unywele wake ukiwemo. Kilichoguswa nacho kikiwa na majimaji huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mzee huyu amekuwa akijipaka unywele huo usoni, pamoja na maji, kisha anakwenda kusimama mbele ya Mola wake. Suala la hukumu ya manyoya ya baja mwenyewe nalo lina mjadala wake, na anayejali aulize kwa mwenye elimu kabla ya kununua. Lakini ili mtu aulize, ni lazima kwanza aambiwe ukweli wa kile kilichomo kwenye mpini. Aliyebandika jina la uongo kwenye boksi lile alimnyima mjomba nafasi ya kuuliza, na hakuna punguzo la bei linaloweza kulifidia hilo.

Kwa wale walioko Uingereza, kumbukeni kwamba Sheria ya Haki za Watumiaji ya mwaka 2015 inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouzwa nayo, na inampa mnunuzi siku 30 za kuikataa bidhaa isiyolingana na maelezo na kurudishiwa fedha zake zote. Hata baada ya hapo, katika miezi 6 ya kwanza kasoro huchukuliwa kuwa ilikuwepo tangu siku ya mauzo, mpaka muuzaji athibitishe kinyume chake. Kisingizio cha usafi hakifuti haki hiyo pale bidhaa inapokuwa si ile iliyotangazwa. Sasa mnaona kwa nini mjomba aliambiwa avute subira: subira hiyo ilikuwa inakula siku zake.

Wala udanganyifu huu si wa leo. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia biashara ya manyoya ya baja ilivurugika, na viwanda vikageukia manyoya ya farasi kutoka Asia, ambayo yalitengenezwa yafanane na ya baja. Mengine hayakusafishwa ipasavyo, na wanajeshi na raia wa Uingereza na Marekani waliugua kimeta kwa kujinyoa tu. Baadhi yao walikufa. Uingereza ilitunga sheria ya kuzuia kimeta mwaka 1919, na mwaka uliofuata ikapiga marufuku uingizaji wa brashi za kunyolea kutoka Japani. Kimeta leo si hofu yangu. Ninalosema ni kwamba zaidi ya miaka 100 imepita tangu watu wafe kwa kuuziwa unywele wa mnyama mwingine kwa jina la baja, na bado hakuna anayelazimishwa kuthibitisha unywele uliomo ni wa nani na umetoka wapi.

Kuhusu ulikotoka, hapa ndipo kimya huwa kizito zaidi. Boksi limeandikwa kwa fahari kwamba brashi imetengenezwa Uingereza, na picha ya baja wa misitu ya Uingereza huenda ikawekwa juu yake. Baja wa Uingereza analindwa na sheria ya mwaka 1992. Kumuua au kumkamata bila kibali ni kosa la jinai. Sehemu kubwa ya manyoya yanayotumika katika biashara hii hutoka China. Mwaka 2018 shirika la kutetea wanyama la PETA Asia lilitoa picha za video za huko zilizoonyesha baja wakiwa wamefungiwa katika vizimba vidogo vya waya, na wengine wakipigwa kichwani ili wauawe. Baada ya hapo baadhi ya makampuni yalitangaza kuachana na manyoya hayo. Mengine yanaendelea kuuza, na ukiyaandikia kuuliza manyoya yao yamepatikanaje, kama mimi nilivyoandika kwa baadhi yao, unapewa sentensi moja kwamba yanatoka kwa “wasambazaji wanaoaminika”. Wanaoaminika na nani? Nimetajiwa jina la fundi aliyechonga mpini na aina ya resini aliyoitumia, lakini nchi alikotoka mnyama imekuwa siri.

Lipo na dai la mwisho ambalo linatulenga sisi hasa, watu wenye ndevu za kujisokota. Tunaambiwa kwamba brashi ya baja huondoa vipele vya ndevu. Vipele hivyo hutokea pale unywele uliokatwa chini mno unapojikunja na kuchoma ngozi tena, na kinachosaidia ni kutokunyoa karibu mno na ngozi, kulainisha ndevu kwa maji ya uvuguvugu kwa muda wa kutosha, kufuata unywele unakoelekea, na wakati mwingine kuacha kunyoa kabisa mpaka ngozi ipone. Brashi laini inaweza kusaidia katika kulainisha. Brashi ngumu inayozungushwa kwa nguvu juu ya ngozi iliyovimba huongeza madhara. Kumwambia kijana mwenye makovu shingoni kwamba tiba yake ni pauni 200 ni kumnyonya mtu mwenye shida.

Uamuzi wangu kwa sasa ni kwamba sinunui brashi ya baja. Nimenunua ya nyuzi za viwandani, kwa bei isiyofika hata sehemu ya kumi ya ile niliyokuwa nikiitazama, na nawapa taarifa ya kweli: haishiki maji kama ya baja, hivyo sabuni huhitaji maji kidogokidogo na uangalifu mwanzoni, lakini povu lake ni zuri, haina harufu ya mnyama, inakauka haraka baada ya kukung’utwa, na mjomba anaweza kuitumia bila wasiwasi wa najisi. Ile raha ya ncha za asili shavuni haimo, na sitajifanya imo. Naitamani bado. Ila sitailipia mpaka muuzaji anipe kwa maandishi nchi alikotoka mnyama, namna manyoya yalivyopatikana, na kama ncha zimekatwa au la, pamoja na ahadi ya kunirudishia pesa endapo kimojawapo kitaonekana si kweli.

Kwa hiyo nawaomba wenye jibu la namna hiyo kutoka kwa mtengenezaji yeyote waliweke hapa neno kwa neno, wakitaja tarehe waliyolipata. Wenye brashi zao waweke picha za ncha zikiwa zimelowa, zilizopigwa karibu, kwenye mwanga wa mchana, ili na wengine wajifunze kutambua zilizopakwa rangi. Barua ya mjomba kwa aliyemuuzia, yenye kudai fedha zote kwa mujibu wa sheria ya 2015, imekwisha kutumwa. Jibu likija nitaliweka hapa kama lilivyo.

Naomba kuwasilisha.