Tupeane uzoefu: chumvi za bei mbaya jikoni, ulizitumiaje na ziliishia wapi?

JikoLaTabata

Wakuu, habari za jioni.

Wifi yangu alirudi likizo kutoka Ufaransa. Wenzangu waliletewa viatu na manukato, mimi nikaletewa kopo la chumvi. Kopo lenyewe dogo, gramu 125, limeandikwa Fleur de Sel de Guérande. Nikashukuru kwa mdomo, moyoni nikasema huyu kanidharau. Chumvi! Mimi ambaye kwa Mangi pale nje nanunua pakiti ya nusu kilo na chenji inabaki.

Jumapili baba mkwe akaja kula. Nikaona ndiyo siku ya kulifungua kopo. Nikapika pilau kama kawaida yangu, vijiko vitatu vya chai vya chumvi, safari hii vya hiyo ya Ufaransa. Pilau lilitoka chapwa. Baba mkwe ni mtu wa heshima, hakusema neno. Aliomba kachumbari, kisha ndimu, kisha pilipili, kisha kachumbari tena. Mume wangu akawa anaangalia sahani yake tu.

Jioni nikatoa mizani ninayopimia unga wa keki. Kijiko cha chumvi ya pakiti kilisoma gramu 6. Cha ile ya wifi, gramu 4. Punje zake ni kubwa na hazilali pamoja, kwa hiyo kijiko kinaonekana kimejaa kumbe katikati kuna hewa. Nilikuwa nimepika pilau la watu nane kwa theluthi mbili ya chumvi.

Kopo likakaa kabatini wiki mbili kwa hasira. Siku moja nilikuwa nakata nyanya, nikajisemea ngoja nijaribu, nikadondosha punje chache juu ya kipande. Wakuu! Punje inapasuka chini ya jino, chumvi inakupiga mara moja, halafu inaondoka na kukuachia utamu wa nyanya. Nilimaliza nyanya tatu nimesimama palepale kwenye sinki.

Sasa nataka kujua. Waliowahi kutumia hizi chumvi za bahari za kifahari, zile za pinki, nyeusi, za moshi, mlizitumia kwenye nini? Wapi zililipa na wapi mlitupa hela? Nawasilisha.

MzeeWaMshikaki

Pole mleta uzi. Ndani ya maji yanayochemka chumvi ni chumvi, hata ingetoka mbinguni. Ikishayeyuka hakuna ulimi utakaoitofautisha. Unachonunua kwa bei ile ni umbo la punje, sasa wewe umeliyeyusha.

Shem_wa_Essex

Naishi Uingereza, si mbali na Maldon, mji unaotengeneza chumvi ya jina hilo tangu 1882. Yao ni ya vipande vyembamba, vingine vimekaa kama piramidi ndogo zilizo wazi ndani. Ukikisugua kati ya vidole kinakuwa unga mara moja.

Nilikosea kama wewe, ila mimi ni kwa samaki. Nilimpaka changu mzima kabla ya kumweka kwenye moto, vipande vyote vikanyonya maji ya samaki vikapotea. Siku hizi samaki namtia chumvi ya kawaida na ndimu mapema. Hii naishika kwa vidole vitatu na kumwagia kutoka juu kidogo samaki akiwa tayari sahanini, mtu anakaribia kula. Mishkaki vilevile. Muhogo wa kukaanga ndio kiboko: utoe kwenye mafuta, ukimbilie chumvi ungali unachuruzika, inashika vizuri.

Na onyo kwa mnaoletewa zawadi. Nilipeleka boksi moja nyumbani Tanga, mama akaimimina kwenye kibakuli mezani ipendeze. Siku ya tatu ilikuwa laini kama mkate uliolala nje. Unyevu wa pwani hauna utani. Chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, basi.

Kikaango

Huu ni ulimbukeni tu. Bibi zetu walipika vizuri bila piramidi.

MwanaGongoni

@Kikaango, bibi zetu walikuwa nazo, ndugu yangu. Hawakuziita hivyo tu.

Mimi mzaliwa wa Gongoni, kaskazini mwa Malindi. Ukitoka hapo kwenda Marereni na Kurawa ni mashamba ya chumvi, na sehemu kubwa ya chumvi inayoliwa Kenya yatoka ukanda ule. Babangu alikwaruza chumvi miaka mingi mpaka nyayo zake zikawa na nyufa ambazo hazikupona tena.

Kazi yenyewe ni subira. Maji ya bahari huingizwa wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana, yakalazwa kwenye bwawa la kwanza, pana na lisilo na kina. Jua na upepo vinakula maji. Yakizidi kuwa mazito yanahamishiwa bwawa la pili, la tatu, hivyo hivyo. Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi za kila namna, lakini hii ya kula haianzi kuganda mpaka maji yabaki kama fungu moja kati ya kumi. Njiani bwawa lageuka rangi ya waridi kwa sababu ya vijidudu vinavyopenda chumvi kali. Mgeni akiona hudhani mtu amemwaga sumu.

Basi siku za kaskazi, alasiri, upepo ukituliatulia, juu ya maji hujitanda utando mweupe mwembamba kama malai juu ya maziwa. Ukiugusa kwa kidole unavunjika na kuzama. Lile jina la Kifaransa maana yake ni ua la chumvi, na ndilo hilo: huko Guérande, Ufaransa, wanauengua kwa mkono kabla haujazama. Sisi watoto tuliuvunja kwa vijiti kwa mchezo! Nikifikiria bei ya kopo la wifi yako natamani kulia.

Ule uliozama ukakua chini ndio chumvi ya mawe. Ya Guérande ya chini inatoka kijivu kwa sababu ya udongo wa mfinyanzi ulio sakafuni mwa mabwawa yao.

Nyumbani kwetu pakiti hatukuijua. Mamangu alikuwa na kifuu kando ya jiko, ndani chumvi ya mawe imelowekwa kwa maji kidogo. Anachovya vidole, ananyunyizia samaki. Ya kavu alikuwa akiiponda kinuni na pilipili mbichi, lakini haipondi ikawa unga, anaiachia chenga. Hiyo ndiyo ya embe bichi. Ukiuma embe unakutana na chenga moja, mate yanakutoka mpaka masikioni. Sasa hiyo si ndiyo nyanya ya mleta uzi?

Kikaango

@MwanaGongoni umenifunga mdomo. Embe na chumvi ya kinu siwezi kubishana nayo.

BintiMakunduchi

Mie nilishikwa na wazimu wa kutengeneza yangu wakati wa korona, 2020, tumekaa tu nyumbani. Nikachota ndoo ya lita 10 maji yamejaa, nikayachuja kwa kanga mara mbili, nikabandika kwenye sufuria la alumini juu ya mkaa.

Nimekosea mara tatu kwa siku moja. Kwanza sufuria: maji ya chumvi kali yalilitoboatoboa vishimo chini, hadi leo bi mkubwa ananikumbusha. Pili, maji yalipopungua nikaona unga mweupe unashika chini nikafurahi, nikijua chumvi imeanza. Kuulamba, ladha ya chaki! Kumbe chokaa na jamaa zake hutangulia kuganda. Ulitakiwa uchuje hapo ndiyo uendelee. Tatu, nilikausha mpaka tone la mwisho. Chumvi ikatoka chungu, chungu hasa, ile ya kukunja uso. Yale maji ya mwisho ndiyo yanabeba uchungu, magnesiamu na wenzake, ilitakiwa niyamwage.

Bi mkubwa alikaa barazani akaniambia, "Umekula mkaa wa elfu kumi kupata chumvi ya mia tano, na yenyewe hailiki."

Mara ya pili nikaweka sufuria la stili, nikachuja chokaa, na ilipofikia kama uji mzito nikaepua. Nikaimimina kwenye kitambaa, nikaining'iniza kama mtu anayechuja maziwa ya mtindi, uchungu ukachuruzika wenyewe. Halafu ungo, kitambaa cheupe juu, juani siku mbili. Nikapata kama gramu 200 kwa ndoo nzima. Siku hizi mkaa siutii kabisa, naanika kwenye masinia mapana juu ya paa wakati wa kiangazi. Inachukua siku kadhaa, lakini ikiganda polepole punje zinakuwa kubwa, za pembe nne, unaweza kuzihesabu.

Naila na pweza wa kuchoma. Namkata vipande moto moto, ndimu, pilipili, halafu hiyo juu. Kwenye mchuzi wa nazi siitii hata punje, ni kuionea.

Uchote mbali na makazi na mbali na pahala pa vyombo vya injini, jamani. Si kila maji ya bahari ni ya kuchemshia chumvi.

NesiWaNyanda

Nawasoma kwa raha, ila naomba niingize la kazini. Niko Nyanda za Juu Kusini, huku wazee wenye rovu, ule uvimbe wa shingoni, tunawajua kwa macho yetu.

Wengi mnadhani chumvi ikitoka baharini basi ina madini joto, yaani ayodini. Hapana. Iliyomo kwa asili ni kidogo mno, madini joto huongezwa kiwandani, na kopo nyingi za kifahari hazijaongezwa. Kadhalika ya @BintiMakunduchi. Kwa mama mjamzito na watoto wadogo hilo ni kubwa, maana upungufu wake unagusa ubongo wa mtoto.

Kwangu mimi chumvi ya pakiti yenye madini joto ndiyo ya kupikia, naitia chakula kikikaribia kuiva, na naiweka mbali na joto la jiko, imefunikwa. Ile ya kifahari ni ya kunyunyizia juu, punje tano sita. Na zote mbili zihesabiwe pamoja: Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ambacho ni kijiko kimoja cha chai kisichojaa, pamoja na iliyomo kwenye mkate na soseji.

PresaYangu

Bora umesema nesi. Mimi duka moja liliniuzia ya pinki nikaambiwa wenye presha wale bila hofu, ina madini kedekede. Nikawa namwaga kama sukari. Kliniki wakanishangaa namba. Daktari akaniambia ile kwa karibu yote ni chumvi ileile ya mezani, rangi ni chuma kidogo kama kutu. Na wala si ya bahari ya leo, inachimbwa mlimani Pakistani, Khewra. Kinachobaki nyumbani nimewaachia watoto wanasagia juu ya popkoni.

Mama Wawili Upanga

Chumvi nyeusi ya kwa Wahindi je? Nayo si ya bahari, ila nisameheni. Nilinunua duka la viungo, nikafungua pakiti sebuleni. Mume wangu akauliza nani amevunja yai viza. Harufu ni ya yai kweli, lakini juu ya nanasi na tikiti, na pilipili manga kidogo, inageuka kitu kingine. Kwenye maharage niliitia mara moja. Tulikula mkate na chai siku hiyo.

MzeeWaMshikaki

Kwa wanaotaka ya moshi msinunue. Nyama ikishaiva na makaa yakiwa yanakufa, tupia vifuu viwili vya nazi vikavu. Tandaza chumvi ya mawe kwenye sinia la stili, weka juu ya wavu, funika na karai. Koroga kila baada ya dakika ishirini hivi, saa mbili zinatosha. Inabadilika rangi kama chai ya maziwa. Mahindi ya kuchoma, ndimu ichovywe humo ndiyo isuguliwe kwenye hindi. Mayai ya kuchemsha pia. Usizidishe vifuu, mimi mara ya kwanza ilinuka bomba la lori.

Shem_wa_Essex

Hiyo ya vifuu naijaribu wikiendi, majirani waniitie zimamoto.

JikoLaTabata

Nimesoma yote, asanteni sana. Jana nimefanya mtihani. Nyanya sahani tatu: pakiti, kopo la wifi, na chumvi ya mawe ya sokoni niliyoiponda kwa kinu cha vitunguu saumu ikabaki chenga. Nikamwita mume wangu na binti wa kazi, macho wamefunga. Ya pakiti wote waliikataa, walisema inauma ulimi wote kwa pamoja. Kati ya hizo mbili, binti alichagua ya wifi, mume wangu akachagua ya sokoni, kisha akala sahani zote.

Baba mkwe anakuja tena Jumapili. Pilau nalipika kwa chumvi ya pakiti, nimeshapima, gramu 18. Ila kwenye kachumbari nataka ile ya chenga. @MwanaGongoni, kuna namna ya kupata ya huko kwenu?

MwanaGongoni

Ipo, dadangu. Nina binamu anayekuja Dar na basi mwezi ujao. Lakini huku inauzwa kwa gunia, kilo 50. Una pa kuiweka?

JikoLaTabata

Ngoja nimpigie wifi.