Nachora hadithi ya picha ya watu wazima, bibi jirani kaona ukurasa kaniuliza "huyu ni mimi?" Naombeni ushauri

fundi_wino (Ujiji):
Wadau habari za jioni. Huu mwaka wa pili nachora hadithi ndefu ya picha, siyo ya watoto kabisa, kuna damu, maiti, mizimu, nimefika ukurasa wa 52 kati ya 64. Ni wavuvi wa dagaa wanaoingia ziwani usiku wa giza na karabai zao, wakiwa mbali taa zinaanza kuzimika moja moja, kuna kitu kimepanda kutoka chini. Ziwa letu Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470 na maji ya chini hayana oksijeni, samaki hawakai kule, mimi nikawaza je kama kuna kisichohitaji hewa? Anayekiita ni bibi kizee mwenye macho mekundu anayeishi peke yake.

Sasa Jumamosi nilianika kurasa barazani wino ukauke, bibi jirani akaja na kisahani cha mboga kama kawaida yake. Huyu bibi amenibeba mgongoni. Akainama, akaweka kidole kwenye uso wa yule mchawi, akakaa hivyo muda mrefu, akaniuliza "huyu ni mimi?" Nikamwambia hapana bibi ni hadithi tu. Akasema haya mjukuu wangu, akaondoka na mboga yake. Wino ulikuwa mbichi, alama ya kidole ipo mpaka sasa, na hajarudi tena. Naapa sikumchora yeye, ila nikiangalia lile kunjo la kilemba roho inaniuma. Mchawi yumo kurasa 19. Nifute au niandike tu 18+ kwenye jalada niendelee?

nyuki_wa_miombo (Tabora):
Badilisha ndugu yangu. Huku kwetu na Shinyanga bibi zetu wamekatwa mapanga kwa ajili ya hayo macho mekundu, na ni moshi tu, mtu amepuliza kuni kwenye mafiga miaka hamsini unategemea macho yabaki meupe? Bibi yangu mimi miaka yake ya mwisho tulilala naye kwa zamu wajukuu wa kiume, mlango tumeuegemeza kinu. Msomaji wa mbali ataona fantasia, msomaji wa kijijini ataona ushahidi.

mtu_wa_reli:
Mkuu nyuki nakuelewa ila hadithi ya giza bila mchawi itakuwa nini? Msanii akianza kuogopa kila uso hatachora kitu. Weka onyo kubwa mbele, muuzie mtu mzima, basi.

nyuki_wa_miombo:
Waliowakata hao bibi ni watu wazima, kaka. Onyo la umri lingewazuia nini?

mama_kibirizi:
Mwanangu, kwani Ujiji imekosa ubaya wa kweli mpaka umbebeshe bibi? Misafara ya watumwa na pembe imepita hapo hapo unapoanika kurasa zako, watu wamefungwa minyororo wanatembezwa mpaka pwani. Halafu una meli ya Liemba, Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916 pale Malagarasi inapoingia ziwani, Waingereza wakaja kuiopoa 1924. Miaka kadhaa meli iko chini! Hicho kitu chako kilikuwa kinalala ndani yake, wakakinyang'anya nyumba. Anayekiita awe tajiri mwenye mitumbwi anayelipa kwa roho za vibarua wake, na bibi awe ndiye peke yake anayejua jina la hicho kitu. Hayo macho mekundu yabaki, ni ya kukesha.

mtu_wa_reli:
Hii ya kukesha imenimaliza. Naondoa hoja.

gundi_na_pini:
Mimi ni wa uchapaji. Ukiongeza kurasa ongeza nne nne, ndiyo karatasi inavyokunjwa. Zile kurasa nyeusi tii usipeleke kwenye fotokopi ya mtaani, zitatoka na michirizi, skani mistari kwa ukali wa dpi 600 upeleke kiwandani. Hakimiliki unayo tangu ulipochora, ila sajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, uwe na ushahidi, ISBN, ile namba ya kitabu, ni Bodi ya Huduma za Maktaba. Na kama kuna picha za utupu usizirushe mtandaoni, sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 inakataza ponografia na 18+ haitakuokoa.

fundi_wino:
Mama kibirizi nimesoma jibu lako nikasimama. Utupu hakuna, gundi asante. Leo asubuhi nimeenda kwa bibi, nimemkuta anapuliza moto, nikakaa nikampulizia mimi, macho yamenichoma mpaka nikatoka nje. Nimemwambia nataka kumchora upya, awe ndiye anayewarudisha wavuvi. Akauliza kama atakuwa na mtumbwi wake mwenyewe. Nikasema atakuwa nao. Akasema basi uwe na injini.

Sasa swali, kuna mwenye picha nzuri ya mtumbwi wa dagaa kwa upande wa nyuma, injini ionekane?